Kabla Hatujauza Kibanja: Polisi, Zimamoto na Mgambo Wanaajiriwaje?

Wanachuo wenzangu, makala hii imezaliwa na simu. Ilikuwa wiki ya kujisomea kabla ya mitihani, niko maktaba, baba akapiga kutoka Muleba. Baba huwa hapigi simu mchana, maana mchana ni wa shamba. Nikatoka nje kupokea huku moyo unanidunda.

"Mwalimu," akasema. Nyumbani wananiita hivyo tangu nilipochaguliwa kusoma ualimu, ingawa bado sijapokea hata mshahara mmoja. "Mdogo wako amepata nafasi Zimamoto. Kuna mtu wa Bukoba mjini anashughulikia. Anataka laki nane, nusu itangulie. Nimeona tukate kile kipande cha juu cha kibanja."

Kwa asiyetoka Kagera, niseme kidogo. Kibanja kwetu si shamba tu. Humo humo kuna migomba, mibuni, nyumba na makaburi ya babu zetu. Mtu haamki tu asubuhi akauza kipande cha kibanja. Ndugu wanaitwa, wanakaa, wanasemezana, na wengine hawasalimiani tena baada ya hapo.

"Tata, huyo mtu ni askari?" nikauliza.

"Si askari, ila anawajua wakubwa. Na mbona yule kijana wa ndege aliingia Zimamoto bila usaili? Mambo ya serikali ni kujuana, mwanangu."

Nikakwama. Mimi ni mwaka wa tatu. Nimesoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, upimaji na tathmini. Lakini baba yangu aliponiuliza askari wa zimamoto anaajiriwa na nani, kwa sheria ipi, sikuwa na jibu. Nikamwomba jambo moja: "Nipe siku tatu, Tata. Usimpe mtu hela kabla sijakupigia." Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, nimeyaongeza kidogo baada ya mitihani kwisha. Nayaandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mna mdogo nyumbani anayesubiri ajira ya jeshi, na wengine wenu mnaisubiri wenyewe.

Sare tatu, waajiri watatu

Ukisimama karibu na soko kuu la Bukoba asubuhi, kwa nusu saa tu unaweza kuona sare tatu. Kuna askari polisi anayeongoza magari. Kuna mgambo anayewaambia akina mama waondoe mabeseni ya ndizi na senene pembeni mwa barabara. Na likitokea la kutokea, utaona gari jekundu la zimamoto. Kwetu wananchi wote hao ni "askari", na tukikasirika wote ni "serikali". Kwa upande wa sheria za ajira, hawa ni watu watatu tofauti kabisa.

Kwanza polisi. Katika nchi nyingi jiji lina polisi wake, na meya ana sauti juu yao. New York ina polisi wake, Chicago ina wake. Tanzania haiko hivyo. Jeshi la Polisi ni moja kwa nchi nzima, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na linaongozwa na Mkuu wa Jeshi la Polisi, IGP, anayeteuliwa na Rais. Mkoani kuna Kamanda wa Polisi wa Mkoa, wilayani kuna mkuu wa polisi wa wilaya. Manispaa ya Bukoba haiajiri polisi hata mmoja. Vivyo hivyo Halmashauri ya Wilaya ya Muleba. Kwa hiyo diwani akikwambia atakuingiza polisi, anakuahidi kitu ambacho hakimo mkononi mwake.

Pili zimamoto. Hapa historia inasaidia. Zamani wazima moto walikuwa watumishi wa halmashauri za miji. Jiji lenye fedha lilikuwa na gari na maji, mji usio na fedha ulikuwa na ndoo na mchanga. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, ndiyo iliyounda jeshi moja la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, linaloongozwa na Kamishna Jenerali. Tangu hapo mzima moto wa Bukoba na wa Dar es Salaam wana mwajiri mmoja, ngazi za vyeo zilezile na mafunzo yaleyale. Jeshi lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Neno "uokoaji" kwenye jina lake nalo si pambo. Kazi yao ni pamoja na mafuriko, ajali, majengo yaliyoanguka na watu waliozama. Wana Kagera tunalielewa neno hilo vizuri, nitalirudia.

Tatu mgambo. Huyu amepata mafunzo ya jeshi la akiba, ambayo wilayani husimamiwa na mshauri wa mgambo, ofisa wa JWTZ. Akimaliza mafunzo, halmashauri inaweza kumchukua kulinda, kusimamia sheria ndogo na kusaidia kukusanya ushuru. Ana sare, ana rungu, lakini hayumo katika Jeshi la Polisi. Mara nyingi hata kwenye orodha ya watumishi wa kudumu wa halmashauri hayumo. Anafanya kazi kwa mkataba mfupi au kwa posho ya siku.

Mlango wa kuingilia

Mwalimu wa serikali anaingia kazini kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sisi wa ualimu tumeizoea lugha hiyo: tangazo, maombi kwenye mfumo, usaili, kupangiwa kituo. Msingi wake ni Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, Sura ya 298, na kanuni zake, ambazo zinataka nafasi zitangazwe na watu washindane waziwazi.

Polisi na zimamoto wana mlango mwingine. Kuna chombo kinaitwa Tume ya Jeshi la Polisi, Magereza, Zimamoto na Uhamiaji. Asili yake ni sheria ya mwaka 1990 iliyokuwa ya Polisi na Magereza tu, baadaye Zimamoto na Uhamiaji wakaongezwa. Mwenyekiti wake ni Waziri wa Mambo ya Ndani. Vyeo vya juu kabisa ni uteuzi wa Rais, Tume inashughulikia maofisa, na askari wa vyeo vya chini wako chini ya mkuu wa jeshi husika.

Kwa kijana wa kidato cha nne, cha sita au mwenye shahada, jambo la kukumbuka ni kwamba jeshi lenyewe ndilo linalotoa tangazo. Linatoa kwa jina lake, kwenye tovuti yake na mfumo wake wa maombi. Vigezo vinaandikwa humo humo: uraia, umri, vyeti, kitambulisho cha NIDA, urefu, afya, kutokuwa na rekodi ya uhalifu, kutokuwa na michoro mwilini, mara nyingi pia kutokuwa umeoa au kuolewa. Kwa waliomaliza sekondari, matangazo ya miaka ya karibuni mara nyingi yameweka kikomo cha umri kwenye miaka 25. Miaka mingine nafasi zinaelekezwa kwanza kwa vijana walio kwenye kambi za JKT. Ukichaguliwa unakwenda chuo, polisi kule Moshi, zimamoto Chogo, na ukishindwa mafunzo unarudi nyumbani.

Katika mlango huo hakuna dirisha la kulipia. Kuomba ni bure, usaili ni bure. Anayeuza nafasi ama ni tapeli asiyejua lolote, ama ni mtumishi anayeuza kisicho chake. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007, anayepokea ana kosa, na anayetoa naye ana kosa. Hilo la pili ndilo baba alikuwa halijui. Alidhani akitapeliwa ataenda polisi kulalamika kama mtu aliyeibiwa kuku. Nikamwambia: "Tata, ukienda, utaanza kwa kujieleza kwa nini ulitoa."

Lakini yule kijana wa ndege?

Hoja ya baba ilikuwa na nguvu, na siwezi kuiruka.

Asubuhi ya 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, safari namba PW 494 kutoka Dar es Salaam, iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwamo watu 43. Waliokufa ni 19, waliopona ni 24. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Jackson Majaliwa, alisifiwa kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma, abiria wakaanza kutoka. Kesho yake, kwenye kuaga miili katika uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza agizo la Rais Samia Suluhu Hassan kwamba kijana huyo apewe mafunzo na aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nchi nzima ilishangilia. Mimi pia nilishangilia. Na kisheria Rais hakuvunja nyumba ya mtu. Ibara ya 36 ya Katiba inampa madaraka mapana juu ya nafasi katika utumishi wa serikali. Jambo lilifanyika hadharani, mbele ya kamera, sababu ikatajwa, jina likatajwa, na kijana akapelekwa mafunzo kama wengine. Hiyo ndiyo tofauti na mtu wa baba, ambaye hataki jina lake litajwe wala hatoi risiti. Huwezi kuchukua zawadi iliyotolewa mchana kweupe kuwa ushahidi wa mchongo unaofanyika gizani.

Hata hivyo tukiishia hapo tutakuwa tumekwepa swali. Kwa nini ilihitajika amri ya Rais ili mtu anayelijua ziwa aingie kwenye jeshi ambalo jina lake lina neno uokoaji?

Rudia vigezo nilivyoorodhesha hapo juu. Cheti kimo, urefu umo, umri umo. Kuogelea je? Kuendesha mtumbwi kwenye upepo wa kusi? Kujua ziwa linavyobadilika kabla mvua haijafika? Kijana aliyekulia kisiwa cha Bumbire au Goziba, kule kwetu Muleba, anayajua hayo kabla hajajua kuandika jina lake, na hakuna mahali pa kuyajaza kwenye fomu. Na hatuwezi kusema ajali za majini ni jambo geni Kagera. Tarehe 21 Mei 1996 mv Bukoba ilizama ikiwa imebaki safari fupi ifike Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Karibu kila ukoo wa Bukoba na Muleba una jina moja katika msiba ule.

Wa ualimu wenzangu wataitambua ishu hii, kwa sababu ni somo letu la upimaji. Mtihani halali ni ule unaopima kitu unachokusudia kupima. Ukimpima mpishi kwa insha utapata mwandishi mzuri, na ugali unaweza kuwa mbichi.

Marekani wamehangaika na swali hilihili. Huko zamani kazi za serikali ziligawiwa kwa wafuasi wa chama kilichoshinda. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekasirika kwa kunyimwa kazi, akafa. Mwaka 1883 wakapitisha Sheria ya Pendleton, kwamba kazi zipatikane kwa mitihani. Miji nayo ikafuata, ikaunda tume za kusimamia ajira za polisi na wazima moto. Lakini mitihani haikumaliza ugomvi. Mwaka 2003, mji wa New Haven uliwapa wazima moto wake mtihani wa kupandishwa vyeo, maandishi yakibeba asilimia 60 na mahojiano asilimia 40. Matokeo yalipotoka, mji ukaona hakuna mzima moto Mweusi atakayepanda cheo, ukayafuta. Waliofaulu wakaenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hata majaji waliobaki upande wa pili walikuwa na swali la msingi: je, karatasi ile ilikuwa inampima kweli mtu atakayeongoza wenzake ndani ya nyumba inayoungua?

Mafunzo ninayoyapata ni mawili, na lazima yaende pamoja. Bila utaratibu ulioandikwa, kazi inakwenda kwa mwenye koneksheni. Na utaratibu ulioandikwa vibaya unamwacha nje anayeiweza kazi, mpaka itokee ajali ndipo aonekane. Dawa ya hilo la pili ni kurekebisha tangazo. Tukisubiri Rais atoe amri kwa kila shujaa, tutasubiri ajali nyingi.

Ukishaingia: unachopata na unachoacha

Mdogo wangu anaiona sare tu. Nilimwambia aangalie pia mkataba unaokuja nayo, na nikamlinganishia na wangu.

Mimi nikiwa mwalimu ninaweza kujiunga na chama cha wafanyakazi. Nikituhumiwa kosa kubwa, napewa hati ya mashtaka, napewa muda wa kujibu kwa maandishi, kunaundwa uchunguzi, na nisiporidhika nakata rufaa. Wenzangu walio kwenye utumishi wa kawaida rufaa yao inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma. Sisi walimu tunayo Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria Namba 25 ya mwaka 2015.

Polisi anaacha baadhi ya haki mlangoni. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza kujiunga na chama chochote cha siasa, ila inamwachia haki ya kupiga kura. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ilipoorodhesha wasiohusika nayo, ilitaja JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Nidhamu ya polisi inaendeshwa kwa sheria ya Jeshi lenyewe, Sura ya 322, na kanuni za kudumu ambazo askari wenyewe wanaziita PGO. Anashtakiwa mbele ya ofisa wa jeshi lake, na adhabu zinafika kushushwa cheo au kufukuzwa. Kama alichofanya ni jinai, kufukuzwa hakumalizi kesi, bado kuna mahakama ya kawaida.

Zimamoto wana jambo lao la pekee. Orodha ile ya 2004 haikuwataja, maana jeshi lao lilikuwa bado halijaundwa. Lakini sheria hiyohiyo iliweka uzimaji moto kwenye huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, afya na uongozaji wa ndege, yaani kazi ambazo mgomo hauruhusiwi. Sababu inaeleweka. Mwalimu akigoma siku mbili, kipindi kinaweza kufidiwa Jumamosi. Bweni likiwaka moto usiku hakuna Jumamosi ya kufidia. Septemba 2020, hapa hapa Kagera, bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa liliungua na watoto 10 wakafa. Mimi ninayetarajia kuwa na darasa siwezi kuombea siku ambayo namba 114 haina wa kuipokea.

Ila nami nina la kusema hapo. Ukimwambia mtu "huwezi kugoma", umechukua silaha yake ya mwisho. Basi ni haki umpe badala yake utaratibu wa malalamiko unaosikika, vifaa vinavyofanya kazi, na kupandishwa cheo kunakofuata muda na sifa badala ya sura. Kwa askari asiyeweza kugoma, kanuni za utumishi ndizo zinazobaki kumlinda.

Mgambo: asiye na faili

Nimemweka mwisho kwa makusudi, maana ndiye anayekutana na mwananchi mara nyingi kuliko wengine.

Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari. Alikuwa mgambo katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, analipwa kwa siku. Asubuhi moja alipata ujumbe kwenye simu: "Kesho usije." Hakuambiwa kosa. Hakupewa barua, na hata angetaka kukata rufaa, rufaa inakatwa dhidi ya uamuzi ulioandikwa. Alinionyesha ule ujumbe tukiwa tunakunywa chai, akacheka, halafu akanyamaza muda mrefu.

Sasa geuza upande wa pili. Rafiki yangu huyohuyo, nilimuuliza kama aliwahi kumwaga beseni la mama sokoni. Akasema ndiyo, mara mbili, kwa sababu siku hiyo waliambiwa wasiporudi na mali iliyokamatwa hawalipwi. Nikamuuliza yule mama angeweza kumshtaki wapi. Akafikiri. "Kwa nani? Sina hata namba."

Polisi ana namba ya jeshi. Ukiisoma kifuani na kuiandika, kuna faili mahali fulani lenye namba ile, na kuna ofisa anayewajibika kulifungua. Mgambo wa posho hana faili. Kwa hiyo halmashauri inaweza kumfukuza bila utaratibu, na yeye anaweza kumwonea mwananchi bila kufuatiliwa. Tunapodai mgambo wawe na mikataba iliyoandikwa, majina kifuani na mahali pa kujibu tuhuma, tunamdai haki yeye, na tunamdai haki yule mama wa senene pia.

Ya kuondoka nayo

Kwa aliyeruka moja kwa moja hadi hapa, haya ndiyo ninayotaka uyapeleke nyumbani:

1. Polisi na Zimamoto ni majeshi ya taifa. Hakuna diwani, mwenyekiti wa mtaa wala mtu wa mjini mwenye nafasi zao mfukoni.
2. Tangazo la kweli linatoka kwa jeshi lenyewe. Ukilikuta kwenye kundi la WhatsApp, lihakikishe kwanza kwenye tovuti rasmi.
3. Kuomba hakulipiwi. Anayetoa hela naye ana kosa. Ukiombwa, namba ya TAKUKURU ni 113 na haikatwi salio.
4. Andaa nyaraka mapema: cheti cha kuzaliwa, NIDA, vyeti vya shule. Dirisha la maombi huwa fupi, na wengi wanakosa kwa sababu NIDA haijatoka.
5. Kabla hujavaa sare, jua unachoacha: siasa, mgomo, na kwa kiasi fulani uhuru wa kusema.
6. Ukimwona mgambo anaonea mtu, muulize jina na kazi aliyotumwa. Ukimwona mgambo anaonewa, muulize kama ana mkataba.

Na kuna pendekezo moja, ambalo ningependa serikali ya wanafunzi ilipeleke kwa wahusika, maana tuna wenzetu wa sheria wanaoweza kuliandika vizuri kuniliko. Kwa mikoa ya ziwani, Kagera, Mwanza, Mara, Geita na Simiyu, tangazo la Zimamoto liwe na kipengele cha uokoaji majini. Kuogelea kupimwe kwa kuogelea, na alama zake zihesabiwe. Na tangazo libandikwe kwenye mialo, kwa sababu mvuvi wa Ikuza haamki na kufungua tovuti.

Siku ya tatu nilimpigia baba. Nilimsomea mambo yote haya polepole, naye alisikiliza bila kunikatisha, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho akauliza: "Kwa hiyo tunasubiri tangazo?" Nikasema ndiyo. Akasema sawa, kibanja kibaki. Yule mtu wa mjini alipiga mara mbili kuulizia nusu yake. Mara ya tatu baba akamwambia atume barua ya jeshi kwanza. Hajapiga tena.

Mdogo wangu hakufurahi. Aliniambia, "Dada, wewe una shahada inakuja. Mimi nina miaka 23. Tangazo likichelewa miaka miwili mingine, hiyo sheria yako itanisaidia nini?" Sikuwa na jibu zuri, na hata sasa sina. Nilimtumia nauli kutoka kwenye boom aende kufuatilia NIDA yake, ambayo ilikuwa imekwama tangu mwaka jana. Imetoka. Cheti cha kuzaliwa kipo, na cha kidato cha nne mama amekihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Usiku anaenda ziwani kama kawaida. Mimi kila Ijumaa nikimaliza kipindi cha mwisho nafungua ile tovuti kuangalia kama kuna jipya.